Ulinzi wa mtaa ni mtaji: nani alipe, nani asimamie?

MFANYABIASHARA anapopiga hesabu za gharama huanza na bei ya bidhaa, nauli ya mzigo, pango, leseni, kodi na umeme. Gharama moja kubwa haionekani kwenye daftari lake mpaka siku inapomfika, nayo ni ya duka kuvunjwa usiku. Asubuhi hiyo ndipo hutambua kuwa kwa miaka yote alikuwa akiendesha biashara yenye pengo ambalo hakulitengea hata senti.

Ukurasa huu kwa kawaida hushughulika na bei za mazao, riba na mwenendo wa soko. Hata hivyo, soko lisilo salama halina bei ya kweli. Mwenye duka anayefunga milango kabla ya magharibi kwa kuogopa vibaka huwakosa wateja wanaorudi kutoka kazini. Mwenye lori anayesubiri kupambazuke ndipo ashushe mzigo hulipia muda huo wa kusubiri, na gharama hiyo huishia kwa mlaji. Kwa sababu hiyo, wiki hii tunaeleza utaratibu ambao wafanyabiashara wengi huuchangia kila mwezi bila kujua vizuri unavyofanya kazi, yaani ulinzi shirikishi, ambapo wananchi hulinda mtaa wao kwa kushirikiana na Jeshi la Polisi.

Ulinzi wa namna hii unaweza kulipa kibiashara, lakini kwa masharti matatu. Michango iwe na hesabu, walinzi wafuate sheria, na polisi waitike wanapoitwa. Sharti moja likikosekana fedha hupotea, na mara nyingine watu hupoteza maisha.

HASARA YA USIKU MMOJA

Tuchukue mfano wa kufikirika. Duka la rejareja limevunjwa na bidhaa za Sh 2,000,000 zimechukuliwa. Mwenye duka hupata faida ya Sh 10 katika kila Sh 100 za mauzo. Ili arudishe Sh 2,000,000 zilizopotea, lazima auze bidhaa za Sh 20,000,000, na mauzo yote hayo hayatamwongezea chochote. Yatamrudisha tu pale alipokuwa kabla ya usiku ule. Kama bidhaa hizo alizichukua kwa mkopo, riba inaendelea kuhesabiwa wakati yeye anafukia shimo.

Sasa tuangalie upande wa pili wa mizani. Mtaa una maduka 80, na kila duka linachangia Sh 10,000 kwa mwezi. Makusanyo ni Sh 800,000. Vijana wanne wanalinda kila usiku kwa posho ya Sh 5,000 kila mmoja, jumla Sh 600,000 kwa siku 30. Zinabaki Sh 200,000 za tochi, betri, filimbi, makoti ya mvua, vocha za simu na akiba kidogo. Kwa mwaka mzima mwenye duka ametoa Sh 120,000. Hata kama ulinzi huo ungemkinga na wizi mmoja tu wa Sh 2,000,000 katika miaka 16, fedha yake ingekuwa imerudi.

Kama kila duka lingeajiri mlinzi wake kwa Sh 150,000 kwa mwezi, mtaa huo huo ungetumia Sh 12,000,000, ambazo ni mara 15 ya mchango wa pamoja. Ni dhahiri kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini hesabu ya karatasini ni rahisi kuliko ya mtaani, na historia ya ulinzi wa wananchi nchini mwetu inaonyesha inapokwama.

CHIMBUKO LAKE NI MIFUGO

Sungusungu hawakuanzia mijini wala serikalini. Walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika vijiji vya Wasukuma na Wanyamwezi, upande wa Kahama na Nzega, na mtaji waliokuwa wakiulinda ni ng'ombe. Baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979 silaha zilizagaa, na wezi wa mifugo wakawa na bunduki wakati mfugaji ana fimbo. Polisi walikuwa wachache na vituo vilikuwa mbali. Wanavijiji walijipanga wenyewe, wakiwa na pinde, mishale na filimbi, chini ya kiongozi waliyemwita ntemi.

Utaratibu wao ulikuwa rahisi na wa kibiashara kuliko unavyoonekana. Ng'ombe wakiibwa, yowe la hatari liitwalo mwano lilipigwa, na kila mwanamume alitakiwa kutoka. Walifuata nyayo mpaka mpakani mwa kijiji, na huko waliwakuta wenzao wa kijiji cha pili ambao waliendeleza msako. Kwa njia hiyo mwizi hakuwa akikimbizwa na kijiji kimoja bali na wilaya nzima. Aliyekataa kuitikia mwano alitozwa faini, na aliyeshikilia ukaidi alitengwa na jamii. Kwa lugha ya uchumi, sungusungu waliweka bei kwa yule anayetaka kulindwa bila kushiriki.

Chama tawala na Mwalimu Julius Nyerere waliwaunga mkono, ingawa baadhi ya vyombo vya dola viliwatazama kwa wasiwasi. Wasiwasi huo ulikuwa na sababu. Katika baadhi ya maeneo watuhumiwa walipigwa ili wakiri, na wengine walishutumiwa kwa uchawi. Wapo waliouawa bila kufikishwa mbele ya hakimu yeyote.

Mwaka 1989 Bunge lilipitisha Sheria Na. 9 iliyorekebisha sheria za mgambo ili vikundi vya jadi, wakiwemo sungusungu, vitambuliwe na vipewe uwezo wa kukamata wahalifu. Mwaka uliofuata, Augustine Mrema alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, utaratibu huo uliletwa kwa nguvu Dar es Salaam. Wakazi walitakiwa kulinda kwa zamu, na wananchi walihimizwa kujenga vituo vidogo vya polisi katika maeneo yao.

Mjini mambo yalikuwa magumu zaidi. Kijijini kila mtu anajua ng'ombe ni wa nani na mgeni hutambulika mara moja. Mjini mpangaji wa leo si wa mwezi ujao, na mwenye duka analala mtaa mwingine. Mtu asiyeweza kukesha alilipa fedha badala ya zamu, na fedha hizo zikawa chanzo cha malalamiko, kwani katika mitaa mingi hazikuwa na stakabadhi. Doria zilififia kadiri miaka ya 1990 ilivyosonga mbele. Palipokosekana hesabu, michango nayo ilikoma.

MWAKA 2006 NA POLISI JAMII

Mwaka 2006 ulikuwa mgumu kwa wafanyabiashara. Ujambazi wa kutumia silaha ulikuwa umepamba moto, na mwezi Aprili majambazi waliteka fedha za benki mchana katika eneo la Ubungo, Dar es Salaam.

Miezi mitatu kabla ya hapo lilitokea jambo ambalo kila mfanyabiashara anafaa kulikumbuka. Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, pamoja na dereva teksi, waliuawa jijini Dar es Salaam wakiwa mikononi mwa askari polisi. Awali ilielezwa kuwa walikuwa majambazi. Uchunguzi wa tume iliyoongozwa na jaji ulionyesha vinginevyo. Kesi ilipita Mahakama Kuu mpaka Mahakama ya Rufani, ambayo mwaka 2016 ilimtia hatiani ofisa mmoja wa polisi na kuwaachia wengine.

Kisa hicho kinaeleza kwa nini neno "ushirikiano" si rahisi kama linavyosikika kwenye mikutano. Mfanyabiashara anayetembea na fedha taslimu anamhitaji askari kuliko mtu mwingine yeyote. Lakini kama anamwogopa askari kama anavyomwogopa jambazi, hatatoa taarifa, na askari asiyepewa taarifa hubaki kubahatisha.

Said Mwema, aliyeteuliwa kuwa Inspekta Jenerali wa Polisi mwaka huo wa 2006 na kuongoza hadi mwisho wa mwaka 2013, alilifanya suala la polisi jamii kuwa sehemu ya maboresho ya jeshi hilo. Wito wa kutii sheria bila shuruti ulisikika sana wakati wake. Mwanza ulikuwa miongoni mwa miji iliyojaribu mapema vikundi vya ulinzi shirikishi, na baadaye utaratibu wa kuweka askari wa kata ulisogeza polisi karibu na ofisi za mitaa. Tofauti kubwa na sungusungu wa zamani ni hii: mlinzi wa ulinzi shirikishi hapaswi kuhukumu wala kutoza faini kwa kosa la jinai. Kazi yake ni kuzuia, kuona, kutoa taarifa, na ikibidi kukamata na kukabidhi.

Kwa kawaida utaratibu huanzia kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa. Wananchi huchagua kamati ya ulinzi na usalama na kukubaliana kiasi cha mchango. Majina ya vijana wanaopendekezwa husomwa hadharani ili mwenye pingamizi aseme. Polisi huwapa mafunzo na kuwa na orodha yao kituoni. Vijana hupangiwa zamu, hupewa vitambulisho, na matukio ya kila usiku huandikwa kwenye daftari. Mtaa unaoruka hatua hizi na kuanza na kukusanya fedha umeanzia mwisho.

Kenya nao walichota kutoka kisima hicho hicho. Baada ya shambulio la Westgate jijini Nairobi, Septemba 2013, serikali ilitangaza mpango wa Nyumba Kumi, wazo lililofanana na mabalozi wa nyumba kumi waliokuwepo Tanzania tangu miaka ya 1960. Wakati huo sheria yao ya polisi ya mwaka 2011 ilikuwa tayari imeweka kamati za polisi na jamii. Hata hivyo, katika majengo ya ghorofa ya miji mikubwa watu kumi wanaweza kuishi ukuta kwa ukuta bila kujuana majina. Agizo la serikali huunda kamati kwa siku moja. Kuaminiana huchukua muda zaidi.

TATIZO LA WADANDIAJI

Turudi kwenye mtaa wetu wa maduka 80. Ulinzi una tabia moja inayoufanya uwe tofauti na sukari au sabuni. Sukari asiyeilipia haipati. Lakini kijana wa doria anapopita na tochi, humlinda aliyelipa na asiyelipa kwa pamoja, kwa sababu mwizi haulizi stakabadhi. Kwa hiyo kila mwenye duka ana kishawishi cha kudandia gari bila nauli, akitumaini wenzake watalipa.

Tuseme wenye maduka 30 wameacha kuchangia. Makusanyo yanashuka kutoka Sh 800,000 hadi Sh 500,000, wakati posho peke yake ni Sh 600,000. Kamati inapunguza walinzi wa kila usiku kutoka wanne hadi watatu, ambao posho yao ni Sh 450,000, na vifaa vinabakiwa na Sh 50,000. Kona moja ya mtaa inabaki wazi, wezi wanaigundua, na duka la mtu aliyelipa linavunjwa. Mwezi unaofuata naye haoni sababu ya kulipa. Hivyo ndivyo kikundi kinavyokufa bila mtu yeyote kutangaza kuwa kimekufa.

Hatari nyingine ni kubwa kuliko hiyo. Kijana aliyeahidiwa posho na hakulipwa kwa miezi miwili bado anajua duka lipi lina kufuli bovu, nani amesafiri na nani ameshusha mzigo jana. Kumcheleweshea malipo mtu mwenye taarifa hizo ni kuweka mali rehani. Akiba ya mwezi mmoja wa posho katika mfuko wa kikundi ni muhimu kuliko makoti mapya.

Dawa ya wadandiaji haipaswi kuwa vitisho. Kikundi kinachomfungia mtu duka au kuchukua bidhaa zake kwa sababu hajachangia kimegeuka kuwa mzigo mwingine mtaani. Dawa iliyo bora ni uwazi. Orodha ya waliochangia na matumizi ya mwezi ibandikwe mahali ambapo kila mtu anapita. Mfanyabiashara hujali jina lake, na wanaomkopesha na kumuuzia kwa mali kauli husoma orodha hiyo hiyo. Aidha, wenye mitaji midogo kama mama lishe na wamachinga wapangiwe kiwango chao, maana kuwatoza sawa na duka la jumla ni kuwafukuza. Nao ndio wanaokuwepo mtaani alfajiri na usiku kabla maduka hayajafunguliwa na baada ya kufungwa.

MIPAKA YA SHERIA

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda makosa fulani mbele ya macho yake. Lakini inamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa, na kama askari hayupo karibu, ampeleke kituo cha polisi kilicho karibu au kwa viongozi wa eneo waliotajwa na sheria. Katiba ya mwaka 1977 inasema mtu anayeshtakiwa hatatendewa kama mkosaji mpaka ithibitike, na inakataza mtu kuteswa.

Mambo haya si ya wanasheria peke yao. Mtuhumiwa akifa kwa kipigo, waliohusika wanaweza kushtakiwa kwa mauaji, na sheria inawabana pamoja wote waliokuwa na nia moja. Mwenye duka aliyesimama mlangoni akipaza sauti kwamba mwizi amalizwe anaweza kujikuta kizimbani pamoja na aliyeshika rungu. Alitoka kuokoa bidhaa za Sh 2,000,000, sasa anatafuta wakili, duka limefungwa na familia haina kipato. Na kama aliyeuawa hakuwa mwizi, hakuna hesabu inayoweza kufidia hilo. Wafanyabiashara wa Mahenge nao waliitwa majambazi kabla ukweli haujajulikana.

Lipo pia lalamiko la siku nyingi kwamba wananchi hukamata na polisi huachia. Sehemu ya lalamiko hilo ni ya kweli na inapaswa kufikishwa kwa mkuu wa kituo au ngazi ya juu yake. Lakini sehemu nyingine hutokana na kutoelewa. Dhamana ni haki ya mtuhumiwa katika makosa mengi, na mtu aliye nje kwa dhamana bado ana kesi. Kesi hufa pale mlalamikaji asipofika mahakamani. Mwenye duka husema hana muda wa kukaa barazani siku nzima, shahidi wa pili amehama, na hakimu hana ushahidi wa kumfunga mtu. Muda wa kwenda kutoa ushahidi ni sehemu ya mchango wa ulinzi, na kikundi makini hubadilishana kumshikia duka mwenzao siku ya kesi.

Vivyo hivyo kwa mali iliyopatikana. Polisi wakikamata redio kumi, hawawezi kumkabidhi mtu kwa sababu tu anasema ni zake. Stakabadhi za manunuzi, namba za bidhaa zilizoandikwa kwenye daftari na alama ya siri kwenye mzigo ndivyo vinavyorudisha mali kwa mwenyewe. Mwenye bima naye asisahau kuwa kampuni ya bima itadai taarifa ya polisi, kwa hiyo RB ichukuliwe siku hiyo hiyo.

YA KIRKHOLT, UINGEREZA

Je, kuna ushahidi kwamba ulinzi wa majirani hupunguza wizi? Nchini Uingereza mpango wa kwanza wa majirani kulindana ulianza mwaka 1982 katika kijiji cha Mollington, na nchini Marekani masherifu walianzisha mpango wa kitaifa mwaka 1972. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2008, mengi yake yakihusu nchi hizo mbili, yalionyesha kuwa maeneo yenye mipango hiyo yalipata upungufu wa uhalifu wa kati ya asilimia 16 na 26. Si maeneo yote yaliyofanikiwa, na nchi hizo zina polisi na barabara tofauti na zetu, lakini mwelekeo unaonekana.

Mfano unaofaa zaidi kwa mfanyabiashara ni wa Kirkholt, mtaa wa nyumba za serikali ya mji katika Rochdale. Katikati ya miaka ya 1980 mtaa huo uliandamwa na wizi wa kuvunja nyumba. Waliochunguza waligundua mambo mawili. Kwanza, nyumba iliyoibiwa mara moja ilikuwa katika hatari kubwa ya kuibiwa tena muda mfupi baadaye. Pili, wezi wengi walifuata mita za umeme na gesi zilizokuwa zikitumia sarafu, kwa sababu ndani yake mlikuwa na fedha taslimu. Hatua zilizochukuliwa zilikuwa za kawaida. Mita za sarafu ziliondolewa, milango na madirisha ya walioibiwa yaliimarishwa, na majirani kama sita wanaoizunguka nyumba iliyoibiwa waliombwa kuiangalia kwa karibu. Katika mwaka wa kwanza, matukio ya wizi wa kuvunja nyumba yalishuka kutoka 526 hadi 223.

Mafunzo yake yanahamishika. Doria isigawanywe sawa kwa kila kona kwa sababu ya haki ya kugawana. Duka lililovunjwa wiki iliyopita lipewe jicho la ziada, kwa kuwa mwizi ameshajua njia na anajua mzigo mpya utaingia. Aidha, fedha taslimu zinazolala dukani ni mita ya sarafu. Huduma za kutuma fedha kwa simu zilizoanza nchini mwaka 2008 zimempa hata mwenye genge njia ya kufunga mauzo bila kulala na noti chini ya godoro, ingawa zina makato yake ambayo kila mtu ayapime na hatari anayoikwepa.

Jambo la mwisho ni mtaa jirani. Wezi waliobanwa huku huhamia kule, na baada ya muda hurudi. Sungusungu wa Kahama na Nzega walilijua hilo walipokabidhiana nyayo mpakani. Kamati za mitaa miwili zinazobadilishana namba za simu na kupanga zamu zikutane kwenye barabara ya mpaka zimeongeza ulinzi bila kuongeza shilingi.

MASWALI KABLA YA KUTOA MCHANGO

Mwenye fedha huuliza maswali kabla ya kununua hisa. Mchango wa ulinzi nao ni uwekezaji, na maswali yafuatayo yanatosha kupima kikundi cha mtaa wako:

1. Je, kikundi kilipitishwa na mkutano wa mtaa, na kituo cha polisi kina orodha ya walinzi?

2. Je, unapewa stakabadhi, na mweka hazina ni mtu tofauti na anayelipa posho?

3. Je, hesabu za mwezi uliopita zimebandikwa, zikionyesha mapato, matumizi na salio?

4. Je, posho hulipwa kwa wakati, na kuna akiba ya angalau mwezi mmoja?

5. Je, kuna daftari la matukio linaloonyesha nani alikamatwa, saa ngapi, na alikabidhiwa kwa askari gani?

6. Je, polisi wakipigiwa simu hufika, na kamati huandika walichukua muda gani?

7. Je, anayetoa taarifa za siri ana uhakika kuwa jina lake halitamfikia mhalifu?

Swali la sita na la saba ni la polisi zaidi kuliko la mtaa, na hapo ndipo ushirikiano hupimwa. Kituo kinachojibu kila mara kuwa gari halina mafuta, au kinachovujisha jina la mtoa taarifa, huvunja kwa siku moja kazi ya miaka. Wafanyabiashara wakienda mmoja mmoja kulalamika huonekana wasumbufu. Kamati ikienda na daftari lenye tarehe na saa, mkuu wa kituo huwa na kitu cha kujibu na wakubwa wake huwa na kitu cha kumuuliza.

Kama kikundi chako kinajibu ndiyo kwa maswali matano au zaidi, lipa mchango wako kwa wakati na umhimize jirani. Kama kinajibu ndiyo kwa mawili au matatu, usikimbie. Nenda kwenye mkutano ujao na karatasi hii mkononi, omba hesabu zisomwe, na uwe tayari kuchaguliwa katika kamati. Kama hakijibu hata moja, basi unachokilipia ni filimbi tu, na mwizi mzoefu anajua tofauti kati ya filimbi na ulinzi.